Bi Mkubwa wa Kaskazini

Shangazi alitaka kitu kimoja tu Jumamosi ile: kusifiwa. Hakutaka fedha, hakutaka cheo, na maua yangempa mafua. Alitaka watu wazima wenye akili zao wakae mbele yake wamwambie kwamba gemu aliyoitengeneza enzi zile, kompyuta zikiwa bado zinajaza meza nzima na kunguruma kama mashine ya kusaga, ilikuwa kazi ya pekee, na kwamba umefika wakati wa kuifufua. Hilo la kufufua ndilo lililomtoa nyumbani. Tangu astaafu alikuwa anatembea na gemu hiyo kichwani kama mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama alizima jiko. Upande wa kaskazini wa dunia yake haukuwahi kumalizika, na alitaka kuumalizia angali na macho.

"Mashabiki wake wanagombana kwa ajili yake kila Jumamosi," binti wa kaka yake alikuwa amemwambia. "Wengine wanataka ifufuliwe kama ilivyokuwa, wengine wanataka wabadilishe kila kitu isipokuwa jina."

"Na mimi wananisemaje?"

"Twende, utawasikia mwenyewe."

Angekuwa mtu wa kusikiliza, Shangazi angesikia jinsi jibu hilo lilivyomkwepa. Lakini alikuwa tayari ameinama chini ya kitanda anatafuta viatu.

Kwa asiyezijua, gemu za aina ile zilikuwa hivi. Dunia nzima imetandazwa vigae: kigae cha nyasi, kigae cha maji, kigae cha ukuta. Wewe mchezaji ni kijitu cha ukubwa wa ukucha, unatembea kigae kwa kigae, kushoto, kulia, juu, chini, bila kukata kona kwa mshazari hata ukiwa unafukuzwa na zimwi. Unaingia mjini, unagonga milango, unawauliza watu maswali kwa kuandika neno kwenye kibodi, nao wanakujibu kwa maandishi ndani ya kisanduku kidogo chini ya skrini. Hakuna ramani, hakuna mshale wa kukuonyesha njia, hakuna wa kukuhurumia. Ukipotea, umepotea. Vijana wa leo wakionyeshwa gemu hizo wanauliza kama kompyuta imeharibika.

Yake iliitwa Barabara ya Chumvi. Aliitengeneza na wifi yake, mke wa kaka yake, walipokuwa wakifanya kazi ofisi moja, Shangazi kwenye kompyuta ya mishahara na wifi kwenye chumba cha wapiga chapa. Shangazi alijenga dunia, wifi akaandika maneno yote yaliyosemwa na watu wa dunia ile. Kisha ikafika siku ya kutengeneza skrini ya kwanza, ile yenye jina la gemu na jina la mtengenezaji, na Shangazi akaizungushia ukingo wa matofali mekundu uliokuwa mzuri mpaka akajipongeza kwa sauti. Kwa sababu ya ukingo ule ikabaki nafasi ya jina moja. Akaweka lake. Kaka yake alipomuuliza, alijibu kwamba nafasi haikutosha, tena alijibu kwa moyo mweupe kabisa, maana ilikuwa kweli. Wifi hakupiga kelele wala hakutoa povu. Alianza tu kumsalimia Shangazi kama watu wanavyomsalimia mlinzi wa benki, na tangu siku hiyo hajabadilika.

Shangazi aliliona jambo hilo kuwa ni kununa kwa kawaida, akalipa muda lipite. Muda ulipita, mvi zikaja, kununa kukabaki palepale.

Mashabiki walikuwa wakikutana kwenye karakana ya fundi wa meno bandia, mwanaume mwembamba mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Rafu zake zilijaa mataya, ya juu na ya chini, yote yamekenua, kiasi kwamba mtu akiingia anajikagua kwanza kama amevaa nguo sawasawa. Mwenzake wa kwanza alikuwa mpiga picha za pasipoti, ambaye kwa mazoea ya kazi alimtazama kila mtu kama amekaa vibaya. Wa pili ni mama mmoja mnene anayeendesha kreni kwenye majengo ya ghorofa, wanamwita Mama Kreni, na kwa kuwa amezoea kuwasemesha watu walio chini sana, hajui kuongea taratibu.

"Shikamoo, mama," wakasema wote watatu.

"Marahaba."

"Huyu ni shangazi yangu," akasema mpwa wake. "Aliwahi kuicheza zamani."

Ndivyo walivyokubaliana njiani. Shangazi alitaka kwanza asifiwe bila wao kujua, kisha ajitambulishe asifiwe tena, ili ale mara mbili. Akakaa kwenye kigoda kando ya mataya, akakunja mikono, akangoja.

"Mimi nasema vigae vitupwe," alianza mpiga picha. "Niliwaambia juzi na narudia. Nchi nzima inaonekana kama bafu."

Shangazi alikohoa.

"Ukitupa vigae umetupa gemu!" alinguruma Mama Kreni. "Utamu wake ni kupotea. Mimi nilipotea kwenye lile pango la pili nikiwa msichana, nikaolewa nimepotea, nikapata mimba nimepotea, nikajifungua, nikarudi kucheza, bado nimepotea!"

"Na unajivunia?"

"Kabisa! Mtoto mwenyewe sasa ananyoa ndevu."

"Watu wana kazi," alisema mpiga picha. "Wana ndoa. Nani leo atakaa na karatasi na penseli anachora ramani ya pango? Weka ramani pembeni. Weka mshale juu ya kichwa cha mtu mwenye habari muhimu, ili tusigonge milango ya mji mzima kama watu wa sensa. Weka sauti. Ukifa, uanzie pale ulipofia."

"Ukifa umekufa! Ndiyo maana ya neno lenyewe!"

"Mama Kreni, sisi wote hapa ni watu wazima. Kufa tutakufa kweli, hakuna haja ya kujizoeza."

"Basi kacheze karata! Mshale juu ya kichwa! Kwenu una mshale juu ya kichwa cha mkeo, ndio ujue leo umuulize nini?"

"Ningelipia," alisema mpiga picha, na ilionekana hatanii.

Shangazi alikuwa anafurahi kiasi. Kukosolewa na huyu wa pasipoti kulimuuma, lakini huyu mwanamke wa kreni alikuwa mtu wake, mtu wa msimamo, na bila shaka angefika kwenye sifa zenyewe muda si mrefu. Ndipo fundi wa meno akaweka chini taya alilokuwa akilisugua.

"Ninyi wote mnagombania kitu ambacho sicho," alisema kwa upole. "Vigae tulivivumilia tu. Hebu tuseme ukweli. Ule msitu wa mashariki ulitengenezwa na mtu asiyewahi kuona mti."

"Hapo nakubali," alisema Mama Kreni, na Shangazi akamfuta moyoni palepale.

"Tulivivumilia kwa sababu ya maneno. Mnakumbuka mwenye nyumba ya wageni?"

Nyuso za wote watatu zikabadilika. Mpiga picha akasimama, akashika kiuno, akabana pua: "'Kitanda cha mraba, mto wa mraba, na wewe ulale mraba. Ni amri ya Bi Mkubwa.'"

"Na mtunza kisima!" Mama Kreni akadakia. "'Maji yapo tele. Kilichokauka huku ni adabu.'"

"Na yule mlinzi wa lango: 'Kukata kona ni marufuku. Bi Mkubwa alipiga kona mara moja utotoni, akajikwaa, tangu hapo tunatembea hivi nchi nzima.'"

Wakacheka mpaka fundi wa meno akavua miwani. Mataya yote rafuni yakawa kama yanacheka nao. Shangazi peke yake hakucheka, na si kwa kiburi. Hakuwahi kuyasikia maneno yale hata siku moja.

Jambo hili linahitaji maelezo, maana kwa akili ya kawaida haliingii. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu finyu kama mfuko wa shati. Kila mtu wa kwenye gemu alipewa herufi kadhaa za kusema na si zaidi. Wifi alikuwa akileta maneno yake kwenye diski, na Shangazi alikuwa na kiprogramu chake cha kuhesabu herufi. Zikizidi, anairudisha diski. Zikienea, anaipokea. Na alipokuwa akiijaribu gemu usiku na mchana kuona kama milango inafunguka na madaraja yanapitika, alijaza visanduku vyote herufi "a" tupu, ili asipotezewe muda. Kwa hiyo yeye, katika dunia aliyoijenga kwa mikono yake, alikuwa ametembea miji yote, na kila aliyekutana naye alimwambia "aaaaaaaa".

"Sasa turudi kwenye hoja kuu," alisema fundi wa meno akipangusa macho. "Ikifufuliwa, Bi Mkubwa aonekane au asionekane?"

Hapo ugomvi ulishika moto upya. Bi Mkubwa, kumbe, alikuwa ndiye mtu maarufu kuliko wote kwenye Barabara ya Chumvi, na hakuna aliyewahi kumwona. Watu wa gemu wanamlalamikia kila mji. Anakaa kaskazini, ndiye aliyeitandaza nchi yote vigae, na hatembelei mtu. Mpiga picha alitaka ajengewe kasri kaskazini, mchezaji apigane naye, amuue. Mama Kreni akasema wewe umuue Bi Mkubwa una nini, yule haonekani, yule ni kama serikali. Fundi wa meno alitaka aonekane, akae chini, aulizwe maswali.

"Aulizwe kwa nini hana huruma," alisema.

Shangazi hakuweza tena. "Vigae vile nilivitengeneza mimi!"

Mpiga picha akamtazama kwa jicho lake la kazini.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza gemu hiyo. Jina langu ndilo liko mwanzoni. Na msitu wa mashariki una kigae kimoja tu cha mti kwa sababu vigae viwili visingeingia, mngejaribu ninyi tuwaone!"

"Mwaka jana alikuja mwingine," alisema mpiga picha, "akasema ndiye aliyechora mazimwi. Alikuwa anauza bima."

"Tumpime," alisema Mama Kreni. "Mama, ukimuuliza mtunza kisima habari za Bi Mkubwa, anajibu nini?"

Shangazi akafungua mdomo. "Hilo sikumbuki."

"Fundi viatu wa mji wa daraja?"

"Kuna fundi viatu?"

"Mfungwa wa ngome ya mwisho! Hata mwanangu anamjua mfungwa!"

"Naweza kuwaambia kigae cha maji kina nukta ngapi," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa imeanza kusinyaa.

"Nani aliuliza habari za nukta?" alisema fundi wa meno, bila ukatili wowote, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Mpwa wake ndiye aliyemnusuru, kama kweli kule kulikuwa kunusuru. "Ni yeye," alisema. "Naapa ni yeye. Ila maneno aliyaandika mama yangu."

Viti vitatu viligeuka kwa pamoja. "Mama yako? Yuko hai? Anakaa hapahapa? Anakula nini? Anaongea vilevile?" Mama Kreni alimshika binti wa watu mabega yote mawili. Hakuna aliyemtazama Shangazi, aliyebaki kwenye kigoda chake kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Mwishowe fundi wa meno akakumbuka adabu, akamsogelea.

"Mama, usituone wakosefu wa heshima. Kama ni wewe, tunashukuru kwa mengi. Gemu ni yako, na hatuwezi kuigusa bila wewe. Lakini huo upande wa kaskazini unataka maneno mapya, na bila yule aliyeandika ya kwanza tusijisumbue. Tutakuwa tumefufua bafu."

Ndani ya gari, kwenye taa za pili za barabarani, Shangazi alimgeukia mpwa wake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikimtaja mama unaniuliza kama gari lina mafuta."

Shangazi alitazama kipimo cha mafuta, kisha akajishtukia, akageukia dirishani.

Kesho yake asubuhi mpwa alimletea gemu kwenye kompyuta ndogo, akamwachia. Shangazi alifunga mlango, akavaa miwani, akaanza kuicheza Barabara ya Chumvi kama mgeni. Alijua njia zote, kwa hiyo hakupotea. Alichofanya ni kugonga milango. Kila mlango aliougonga alipewa vidonge vyake.

Muuza mkate alisema Bi Mkubwa alizaliwa na rula mkononi, mkunga akaumia. Kuhani alisema Bi Mkubwa haombi dua, anakagua. Fundi viatu wa mji wa daraja alisema: "Nilimwandikia Bi Mkubwa barua ya mapenzi. Amenirudishia. Anasema herufi zimezidi."

"Mshenzi!" Shangazi aliiambia skrini.

Sasa alimjua Bi Mkubwa ni nani. Alipandwa na hasira, akainuka, akachemsha chai, akairudisha sufuria kabatini bila kunywa, akarudi kukaa. Mji uliofuata alikuta mwanamke anayefagia kigae kilekile siku zote. "Nikimaliza hiki nitapewa kingine," mwanamke yule alisema. "Bi Mkubwa ameniahidi. Alisema vipo vingi." Shangazi akacheka. Alicheka kwa hasira kwanza, kisha akacheka tu, peke yake sebuleni, hadi mbavu zikamuuma. Wifi yake alikuwa fundi. Alikuwa fundi kuliko yeye, na alikuwa amekaa chumba cha pili miaka yote ile, ukuta mmoja katikati, akimwandikia vichekesho ambavyo mtu mmoja tu duniani angevielewa vyote, na mtu huyo alikuwa akihesabu herufi.

Kuelekea mchana akafika ngome ya mwisho, akashuka ngazi, akamkuta mfungwa. Akaandika neno "jina", kama wachezaji wanavyofanya.

"Mimi niliwapa sauti watu wote wa nchi hii," mfungwa alijibu kwenye kisanduku chake. "Kabla yangu walikuwa mabubu. Tafuta jina langu ukutani. Ukiliona, niite. Mimi nipo hapahapa, karibu kuliko unavyodhani."

Kicheko kikamkauka. Alikumbuka diski ile. Ilikuwa ya mwisho kabisa, wifi aliileta mwenyewe mkononi baada ya kuiona skrini ya kwanza na matofali yake, na kabla gemu haijatoka. Yeye aliiingiza, akahesabu, zikaenea. Mtu alikuwa amemlilia kwa wakati, tena kwa maneno yaliyo wazi namna hii, naye akayapima urefu. Shangazi aliona aibu, aibu ya kitoto inayopasha masikio moto, na hakukuwa na mtu wa kumsingizia.

Alasiri hiyohiyo alipiga moyo konde akaenda. Wifi siku hizi alikuwa anauza miche nyuma ya nyumba, na alikuwa amechuchumaa katikati ya mifuko ya udongo Shangazi alipoingia getini. Kaka yake alikuwa barazani. Alimwona dada yake anaingia, akamwona mke wake anainua kichwa, akakumbuka kuna bomba la kuangalia upande wa pili wa nyumba. Bomba lenyewe lilikuwa zima.

"Karibu, wifi," alisema wifi, kwa sauti ileile ya kumsalimia mlinzi wa benki. "Umepotea njia?"

Njia nzima Shangazi alikuwa ameandaa maneno ya kistaarabu. Yote yalimtoroka. "Yule fundi viatu ni mshenzi," alisema.

Mkono wa wifi ukasimama ndani ya udongo. "Fundi viatu gani?"

"Wa mji wa daraja. Aliyerudishiwa barua."

Wifi alipandikiza mche aliokuwa nao, akaushindilia udongo polepole kuliko ulivyohitaji.

"Umesoma," alisema.

"Nimesoma."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Wifi akacheka, na hakikuwa kicheko cha kumkaribisha mtu. Akainuka, akashika mgongo. "Leo asubuhi. Haya. Na mfungwa umemsoma?"

"Ndiye aliyenileta."

"Unajua nilikupa diski ile mkononi? Nikarudi mezani kwangu nikakungoja. Nilisema atakuja huyu, atanirukia, au atanitukana, au atalia, lolote lile, tutagombana yaishe. Ukaja. Ukasimama mlangoni kwa wapiga chapa, wenzangu wote wanasikia, ukaniambia, 'Imetosha, safi.'"

"Nilihesabu, wifi."

"Unasema?"

"Nilihesabu herufi. Sikusoma. Hiyo wala nyingine yoyote. Sikuwahi kusoma hata neno lako moja mpaka leo."

Wifi alimtazama kama mtu aliyeshika hesabu kwa miaka kisha akaambiwa namba ya kwanza ilikosewa. "Mimi nilijua umesoma," alisema taratibu. "Nilijua umesoma kilio changu chote, ukaona ni sawa. Ukakisifu. Hicho ndicho kinyongo nilichokuwa nimekubebea."

"Sikusoma."

"Sasa hata sijui lipi ni baya zaidi."

"Hata mimi sijui," alisema Shangazi, na machozi yakamtoka, akayaacha. "Lakini la kusoma ningekuwa shetani. La kutosoma ni mjinga tu. Nichukulie mjinga."

"Mjinga umekuwa siku zote," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza sauti ya benki ilikuwa imemtoka. Akavuta kiti cha plastiki kwa mguu. "Kaa. Umekuja na lako, nakujua. Sema."

Shangazi akamweleza: mashabiki, mataya, ugomvi wa vigae na mshale, Mama Kreni na pango lake.

"Wanataka ifufuliwe, na mimi nataka niimalizie kaskazini," alisema. "Lakini wanakutaka wewe. Mimi wananivumilia tu."

"Unasema wanakufanya nini?"

"Wananivumilia."

"Sijasikia vizuri, umri huu."

"Wananivumilia, wifi! Wanasema nchi yangu ni bafu!"

Wifi alijiziba mdomo kwa kiganja chenye udongo, mabega yakamtikisika. Kutoka upande wa bomba kulisikika mtu akiacha kugonga ili asikilize.

"Na Bi Mkubwa wanataka afanywe nini?" aliuliza alipotulia.

"Mmoja anataka auawe, mmoja anataka asionekane milele. Mmoja anataka akalishwe chini aulizwe."

"Na wewe?"

"Mimi nataka aonekane. Nimtengenezee kigae chake, awe huko kaskazini, na akigongewa afungue. Wewe umwandikie la kusema."

"Mimi siwezi," alisema wifi. "Wengine wote niliwajua. Huyo alinishinda, ndiyo maana sikumpa mdomo. Ya Bi Mkubwa utaandika wewe. Nikiona anasema kitu cha maana, nitaandika ya wengine. Nisipoona, urudi kwenu na vigae vyako."

Sebuleni palikuwa na kompyuta ambayo wifi aliitumia kuchapa majina ya miche. Shangazi akakalishwa mbele yake. Alikuwa ameandika programu maisha yake yote, lakini hajawahi kuandika mtu akisema kitu. Vidole vilisita. Aliandika "Karibuni", akafuta. Aliandika sentensi ndefu kuhusu ufinyu wa kumbukumbu wa kompyuta za zamani, ambayo ilikuwa kweli tupu, akaifuta nayo kabla haijasomwa. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anapumua, hasaidii. Mwisho Shangazi akaandika bila kusimama:

"Nilihesabu herufi zako zote na sikusoma hata moja. Jina lako lingeenea kama ningetoa matofali. Niliyapenda matofali. Nisamehe."

Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Hakugeuka, maana hakuwa na ujasiri wa kugeuka. Aliogopa kweli, kuliko alivyowahi kuogopa tangu alipomzika mama yake.

Wifi aliyasoma mara moja, kisha tena.

"Bi Mkubwa hawezi kusema hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Mtu mwenye kiburi kama yule akiomba msamaha wote kwa mkupuo, watu watadhani anaumwa. Lazima kwanza azunguke. Lazima kwanza amlaumu mgeni kwa kuleta matope. Hili 'nisamehe' linakaa mwisho kabisa, tena analisema mlango ukiwa umeshafungwa nusu."

"Mimi sijui kuandika hivyo."

"Naona." Akapangusa mikono kwenye sketi, akamsukuma kwa nyonga. "Sogea."

Shangazi akasogea. Wifi akakaa kwenye nusu ya kiti, akavuta kibodi, akaanza kuandika, na Shangazi akainama karibu na bega lake, akasoma kila neno lilivyokuwa likitokea.